SIMBI ILE ILE, BEI NYINGINE

Neno la msingi: Mwanzo 37:23-28, Mwanzo 39:1-2 na 20-23, Mwanzo 42:25



  

Somo letu safari hii limetoka sokoni. Hapa Uganda, ukimsikiliza mfanyabiashara anayesema Kiganda, hutamaliza dakika mbili bila kusikia neno "ensimbi". Maana yake ni pesa. Watoto wetu wamelishika neno hili upesi kuliko sisi wazazi wao. Lakini neno hilo lina asili yake, na asili yake ni simbi, lile gamba jeupe dogo ambalo wazee wa Kongo, Burundi, Rwanda na Uganda walilifahamu wote. Walega wa Kivu na Maniema walizishona juu ya kofia za wakubwa wa Bwami. Wanyarwanda huwaita mabinti zao Isimbi. Zamani simbi zilikuwa fedha ya kununulia mbuzi, chumvi na jembe. Leo ukienda nazo sokoni, mwenye duka atacheka.

Ndugu zangu, gamba hili dogo lina fundisho kubwa kwetu sisi tulioacha kwetu. Tulisikilize.

1. MNYAMA MDOGO NA NYUMBA YAKE

Simbi si jiwe, si mfupa, wala si mbegu. Ni gamba la konokono mdogo wa baharini. Watu wa pwani humwita kauri, na wengine kete. Sisi watu wa maziwa tumezoea kusema simbi, basi tutaliacha jina hilo hilo. Wataalamu nao wana jina lao. Mwaka 1758 Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, alimwandika kwa Kilatini Cypraea moneta. Leo huandikwa Monetaria moneta. Neno hilo moneta maana yake ni sarafu. Yuko na ndugu yake wa karibu, Monetaria annulus, mwenye mstari wa rangi ya dhahabu mgongoni kama pete, ambaye ni mwingi katika pwani ya Afrika Mashariki.

Konokono huyu huishi katika maji ya joto ya Bahari ya Hindi na ya Pasifiki, mahali pasipo na kina kirefu, chini ya mawe na katikati ya matumbawe. Urefu wa gamba lake ni kama sentimita mbili au tatu, basi. Chakula chake ni mwani. Akiwa mtoto, gamba lake ni jepesi na limejisokota kama la konokono wa shambani. Akikomaa, ukingo wa gamba hujikunja kwa ndani, na mlango wake hubaki ufa mwembamba wenye meno huku na huku. Tangu hapo gamba halirefuki tena, bali huongezeka unene na nguvu. Jike akitaga mayai hayaachi yachukuliwe na maji. Hukaa juu yake na kuyafunika kwa mwili wake mpaka yaanguliwe.

Tena angalieni jambo moja. Magamba ya konokono wengi wa baharini hukwaruzwa na mchanga na kuota uchafu. La simbi hung'aa kama sahani iliyooshwa sasa hivi. Kwa nini? Mnyama huyu anapotembea hutoa ngozi laini ya mwili wake upande wa kulia na upande wa kushoto, ikapanda na kulifunika gamba lote mpaka pande mbili zikutane mgongoni. Ngozi hiyo ndiyo inayolilinda gamba na kuliongezea tabaka jipya la kung'aa. Hakuna fundi aliyelisugua. Uzuri wake wote umetoka kwa mnyama aliye hai ndani yake.

Sasa sikieni walichofanya wanadamu. Katika visiwa vya Maldivi, ambako simbi nyingi za kale zilitoka, watu waliwakusanya konokono hawa baharini, wakawafukia katika mashimo ufukweni mpaka nyama ikaoza na kuisha. Kisha wakachukua gamba jeupe lililobaki. Yule aliyelitengeneza gamba, aliyeling'arisha na kulifunika, alioza shimoni. Gamba tupu likapewa bei na kuhesabiwa kwa maelfu.

Hivyo ndivyo dunia inavyohesabu. Inatazama kilicho nje na kukipigia bei. Uhai uliokifanya kipendeze, dunia haiuoni.

2. BEI HUFUATA MAHALI

Mwaka 1343 msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, alifika Maldivi. Aliandika kwamba kule, dinari moja ya dhahabu ilipata simbi laki nne, na pengine zaidi. Miaka kama tisa baadaye mtu huyo huyo alivuka jangwa la Sahara akafika nchi ya Mali na mji wa Gao, penye mto Niger. Akazikuta simbi kule nako. Lakini kule dinari moja ya dhahabu ilipata simbi 1,150 tu.

Fanyeni hesabu, wapendwa. Simbi ni ile ile. Rangi ni ile ile, uzito ni ule ule, meno ni yale yale. Haikuongezwa kitu wala kupunguzwa kitu. Kilichobadilika ni mahali. Penye bahari, ambako simbi zimejaa, mtu anazipima kwa magunia. Mbali na bahari, kila moja inahesabiwa kwa kidole.

Hapo ndipo wengi wetu tunapojiona. Yuko kati yetu mwalimu aliyefundisha miaka ishirini. Kule kwao watu walimwamkia njiani, wazazi walimletea kuku. Hapa cheti chake hakisomwi na mtu, naye anakwenda kulima shamba la mtu mwingine kwa kibarua cha siku. Yuko mama aliyekuwa muuguzi, aliyezalisha akina mama usiku kucha. Hapa anauza dagaa kwa vikombe. Yuko mzee aliyekuwa na ng'ombe na watu wa kumsikiliza. Hapa anasimama mstarini tangu asubuhi, na kijana anayeweza kuwa mjukuu wake anamwambia, "Rudi nyuma."

Tangu mwaka 2023 wakimbizi wa Uganda wamepangwa kwa makundi katika ugawaji wa chakula, kwa kadiri ya mahitaji. Wengine wanapata zaidi, wengine kidogo, wengine hawapati. Mwaka 2025 msaada ulipopungua, wengi walitolewa katika orodha. Na Januari ya mwaka huo huo Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Familia zilizokuwa zimeuza masufuria na magodoro zikingoja siku ya ndege, zikabaki zimekaa chini. Jana jirani waliwaheshimu kwa kuwa "ni watu wenye safari". Leo watu wale wale wanawapita kama hawawaoni.

Ndugu mpendwa, sikia neno hili na ulishike. Bei yako imebadilika kwa sababu mahali pamebadilika. Wewe hukubadilika. Kundi uliloandikiwa ni kipimo cha unga na maharage, si kipimo cha mtu. Mwalimu yule ni mwalimu. Mama yule mikono yake bado inajua kumpokea mtoto anayezaliwa. Mungu aliyekuita kwa jina kule kwenu hakukuacha mpakani.

3. YUSUFU ALIUZWA KWA ISHIRINI

Biblia inatuonyesha mtu aliyepigiwa bei mara nyingi. Ni Yusufu mwana wa Yakobo.

Nyumbani kwa baba yake alikuwa mtoto wa thamani kuliko wote, akavikwa kanzu ya pekee. Ndugu zake walimvua kanzu ile, wakamtupa shimoni. Angalieni tena: nguo wakaichukua, mtu wakamtupa. Kisha wafanyabiashara wakapita, naye akauzwa kwa vipande ishirini vya fedha. Sheria ya baadaye, katika Kutoka 21:32, inataja vipande thelathini kuwa malipo ya mtumwa aliyeuawa na ng'ombe. Yusufu hakufikia hata hapo.

Akapelekwa nchi ya kigeni, asikojua lugha. Kwa Potifa akawa mtumwa. Kisha akapanda, akawekwa juu ya nyumba yote. Kisha akasingiziwa na kushuka gerezani. Kisha akapanda tena mpaka kuwa wa pili baada ya Farao. Bei ya Yusufu ilikwenda juu na chini kama bei ya mahindi. Lakini someni Mwanzo 39 kwa makini. Alipokuwa katika nyumba ya tajiri, Maandiko yanasema Bwana alikuwa pamoja naye. Alipokuwa amefungwa gerezani, Maandiko yanarudia maneno yale yale. Mungu hakuwa pamoja naye zaidi siku ya kiti cha enzi kuliko siku ya pingu.

Na Yusufu alilijua hilo. Ndiyo maana gerezani hakukaa akisema, "Mimi sasa si kitu." Aliwaangalia wafungwa wenzake asubuhi, akaona nyuso zao zimekunjamana, akawauliza kwa nini. Mtu anayejiona si kitu hana nafasi ya kuuliza habari za huzuni ya mwenzake. Yusufu alikuwa nayo.

4. FEDHA HUFA

Simbi zilitawala muda mrefu, lakini zilikufa. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Ulaya, hasa wa Hamburg kule Ujerumani, walipakia Zanzibar simbi zile zenye pete mgongoni na kuzipeleka Afrika Magharibi kwa meli. Zikamwagwa nyingi mno. Kadiri zilivyozidi, ndivyo zilivyopungua nguvu. Waliokuwa wamejiwekea akiba ya simbi ndani ya mitungi waliona akiba yao ikiyeyuka. Huku kwetu nako, misafara ya kutoka pwani ilikuwa imezileta simbi kupitia Tabora mpaka Buganda. Kisha ukaja mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, na kodi ya nyumba ikawekwa kuwa rupia tatu. Muda si mrefu serikali haikutaka simbi tena, ilitaka rupia. Rupia nayo ikaja ikafa, ikafuata shilingi. Jina la ensimbi limebaki mdomoni mwa watu, simbi zenyewe hazinunui hata kiberiti.

Sisi wa Kongo hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Fedha ya zaire ilianza mwaka 1967, na mwanzoni ilikuwa na nguvu. Mwaka 1993 zaire milioni tatu za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya laki moja zikabadilishwa kwa franka moja. Wako wazee kati yetu waliotunza akiba yao chini ya kitanda kwa ajili ya masomo ya watoto, na siku walipoifungua ilikuwa makaratasi ya kuwashia moto.

Bwana Yesu katika Mathayo 6:19-21 alituonya tusijiwekee hazina mahali penye nondo na kutu na wezi. Tunaofundishwa na ukimbizi tunaweza kuongeza: na penye vita, na penye mabadiliko ya noti. Hatusemi msiweke akiba. Wekeni, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa ni vyema, na mwenye busara huandaa kesho. Tunasema hivi: msiweke moyo humo. Kitu kinachoweza kufutwa kwa tangazo la siku moja hakiwezi kuwa ndicho kinachokuambia wewe ni nani.

5. SIMBI ZILIPOPIMA WATU

Sasa tufike mahali pagumu.

Fedha hii ndogo nzuri ilifanya kazi mbaya kuliko zote. Kwa muda mrefu meli za Ulaya zilibeba mabilioni ya simbi kutoka Bahari ya Hindi, zikazifikisha katika miji kama Amsterdam na London, kisha zikazipeleka pwani ya Afrika Magharibi. Kule Ouidah na kwingineko, simbi zilinunua watu. Mtu mmoja, mwenye mama na jina, alibadilishwa kwa makumi ya maelfu ya simbi, akapakiwa melini na asirudi. Magamba yalihesabiwa kwa uangalifu mkubwa, moja moja. Mtu hakuulizwa hata jina lake.

Gamba halikuwa na kosa. Ni kazi ya mikono ya Mungu, na Mungu aliliona kuwa jema pamoja na vyote alivyoumba. Vivyo hivyo anayelishona gamba katika hirizi na kuliogopa, anakiogopa kitu ambacho mwenyewe kilitoroka samaki kwa kujificha chini ya jiwe. Ubaya ulikuwa moyoni mwa mtu aliyesema, "Mtu huyu ni sawa na kiasi hiki."

Wapendwa, moyo huo haujafa. Uko hata katika makazi yetu, na kanisa likinyamaza litakuwa limekubali.

Upo wakati baba amepoteza kila kitu, njaa iko nyumbani, na anakuja mtu mwenye pesa anamtaka binti wa miaka kumi na tano. Baba anahesabu. Watoto wengine watakula, deni la dukani litalipwa. Binti anatolewa shule na kuozwa. Tunaijua njaa, hatuizungumzii kama wasioijua. Lakini baba, unapohesabu pesa zile, jiulize ni nani anayeuzwa. Mahari ni heshima ya familia mbili. Ikigeuka kuwa bei ya mtoto, ni biashara ya Ouidah.

Wapo pia wanaouza ahadi. Wanapita usiku nyumba kwa nyumba wakisema wana mtu ofisini, wakipewa kiasi fulani wataingiza jina lako katika safari ya ng'ambo. Ndugu, nafasi ya kupelekwa nchi ya tatu haiuzwi. Msaada huo ni wa bure. Anayekudai pesa kwa ajili yake anakula machozi yako. Mjane aliyeuza cherehani yake ili amlipe mtu wa namna hiyo, hana cherehani wala safari.

Na wapo wanaopima watu kwa kabila. Huyu ni wa kwetu, msaidie. Yule si wa kwetu, mwache. Nabii Amosi, sura ya 2 mstari wa 6, aliwakemea Israeli kwa kumwuza maskini kwa bei ya jozi ya viatu. Sisi wengine tunamtupa jirani hata bila viatu, kwa sababu ya lafudhi yake tu.

6. FEDHA ILIYORUDISHWA KWENYE MAGUNIA

Turudi kwa Yusufu, maana hapo kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka.

Njaa iliwaleta ndugu zake Misri. Walisimama mbele yake wakiwa wageni wenye shida, wakitafuta chakula, wasijue lugha, wakiongea kwa mkalimani. Hali yao tunaijua sana. Yule waliyemuuza kwa vipande ishirini sasa ndiye aliyeshika funguo za ghala. Angeweza kuwapigia bei. Kwa ukali aliwajaribu, kweli. Lakini Mwanzo 42:25 inasema aliamuru magunia yao yajazwe nafaka, na fedha ya kila mtu irudishwe ndani ya gunia lake.

Mtu aliyeuzwa kwa fedha alirudisha fedha. Waliomgeuza kuwa bidhaa, hakuwauzia chakula. Aliwapa. Hapo minyororo ya kupimana ilikatika katika nyumba ya Yakobo.

Wakati mwingine mtu aliyedharauliwa hujifunza kudharau. Aliyesukumwa mstarini jana, leo akipewa kitambulisho cha kiongozi wa bloku anasukuma wengine. Yusufu hakufanya hivyo, kwa kuwa alijua thamani yake haikutoka kwa wale waliomnunua, basi hakuhitaji kuirudishia kwa kuwashusha wengine.

Tena katika Yusufu tunamwona Mkubwa kuliko yeye. Bwana wetu Yesu naye alipigiwa bei: vipande thelathini vya fedha, Mathayo 26:15. Naye alivuliwa vazi, na askari wakalipigia kura huku mwenye vazi akifa mbele yao. Gamba wakalichukua, uhai wakautupa. Lakini uhai ule haukuoza kaburini. Siku ya tatu alifufuka, naye yu hai. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza 1:18-19, akiwaandikia watu waliotawanyika katika nchi za ugenini, aliwakumbusha kwamba hawakununuliwa kwa vitu vinavyoharibika kama fedha na dhahabu, bali kwa damu ya Kristo. Barua ile iliandikiwa wakimbizi, jamani! Ni barua yetu.

7. SHOMORO WA MATABISI

Nimalize na soko jingine, soko la Bwana Yesu mwenyewe. Katika Mathayo 10:29 anasema habari za shomoro wawili wanaouzwa kwa sarafu moja ndogo. Katika Luka 12:6 anasema habari za shomoro watano kwa sarafu mbili. Mama yeyote anayekwenda sokoni ataona tofauti. Kwa sarafu mbili ungepata wanne. Huyo wa tano ametoka wapi? Ni wa nyongeza. Watu wa Kongo wanasema, ni matabisi. Hana bei kabisa, ametupiwa ndani kwa kuwa umenunua wengine.

Na Bwana anasema hata mmoja wao hasahauliwi mbele za Mungu. Basi hata yule wa matabisi.

Kama unajiona wewe ni wa tano, usiye katika hesabu ya mtu, uliyetolewa katika orodha, uliyeongezwa tu katika kadi ya familia ya watu wengine kwa sababu wazazi wako walifia njiani, neno hili ni lako. Simbi hung'aa kwa sababu ya uhai unaoifunika. Wewe nawe umefunikwa. Usiruhusu soko likuambie jina lako.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuitane kwa majina na kwa heshima zetu. Mwalimu aitwe Mwalimu, hata akiwa na jembe begani. Wazee waamkiwe, mstarini wapewe nafasi ya kukaa.

Pili, kila jumuiya iwatafute wenye ujuzi uliolala: walimu, wauguzi, mafundi cherehani, maseremala. Wapewe watoto na vijana wa kufundisha, hata chini ya mti.

Tatu, wazazi wanaobanwa na deni au njaa na kufikiria kumuoza binti kabla ya wakati, waje kwa wazee wa kanisa au kwa akina mama viongozi kabla ya kukubali chochote. Hatuna pesa nyingi, lakini hatutamwacha mtu ahesabu peke yake usiku.

Nne, anayedaiwa pesa kwa ajili ya safari asitoe, na awaambie wenzake waziwazi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA JUMUIYA

1. Ni nani katika kijiji chetu ambaye bei yake imeshushwa na mahali? Tutamheshimu namna gani wiki hii?

2. Yusufu alirudisha fedha kwenye magunia ya ndugu zake. Je, kuna mtu ambaye mimi ninamdai, nami ninaweza kumrudishia au kumsamehe?

3. Mabinti wetu wanasikia nini wanapotusikia tukizungumza habari za mahari?

SALA

Ee Mungu Baba yetu, wewe uliyemuumba hata konokono wa baharini na kumvika vizuri, tunakushukuru kwa kuwa hutuhesabu kama soko linavyotuhesabu. Uwainue walioshushwa. Uwalinde watoto wetu wasiuzwe. Uvunje ndani yetu moyo wa kupimana kwa kabila na kwa pesa. Uwakumbuke wanaongoja safari, na wasio na safari, na waliobaki nyumbani katika vita. Tufunike kwa uhai wako, katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu.

Amina.